Mafuta ya Nazi: Jinsi Yalivyojengwa, Kazi Yake, na Sababu ya Kuharibika



Kuanzia Kona ya Musa hata Diani, Gazi na Msambweni, hakuna nyumba isiyotumia mafuta. Tui limo chunguni, mafuta ya nazi yamo chupani kwa ajili ya nywele na ngozi, na wavuvi wa pwani yetu tangu zamani walipaka vyombo vyao sifa ya papa na shahamu ili mbao zisinywe maji. Lakini ukimwuliza mtu mafuta ni kitu gani hasa, na mnazi huyatengeneza kwa sababu gani, wengi hunyamaza.

Jambo hili si la darasani tu. Katika ofisi ya kilimo ambamo mimi ni karani, swali linaloletwa mara nyingi na watu wa skimu za makazi ni hili: "Mbata yangu imekatwa bei kwa sababu gani, nami niliianika?" Mwingine huambiwa gunia lake zima halifai, akarudi nalo nyumbani, na jasho la miezi mingi limepotea. Kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi hii, nimeona heri nijibu kwa maandishi, ili tusome pamoja. Maana ajuaye jinsi kitu kilivyojengwa hujua pia ni nini kitakachokibomoa.

Mafuta ni kitu gani?

Wataalamu huweka mafuta katika jamii moja kubwa iitwayo lipidi. Humo mna mafuta ya maji kama ya simsim na njugu, mafuta magumu kama shahamu na samli, nta ya nyuki, na vitu vingine ambavyo hatuvioni kwa macho. Alama yao ni moja: hawachangamani na maji. Mimina mafuta katika kikombe cha maji, koroga upendavyo, kisha ngoja kidogo. Utayaona yamepanda juu yamejitenga.

Sasa tutazame tone moja la mafuta ya nazi. Fikiri juu ya reki ndogo yenye meno matatu. Kile kichwa cha reki kinachoshika meno huitwa gliseroli. Kila jino ni asidi ya mafuta, nayo ni mnyororo wa punje za kaboni zilizoshikana moja baada ya moja, na pembeni yake zimeshikamana punje za haidrojeni. Tone moja la mafuta lina reki za namna hii zisizohesabika.

Aliyefumbua jambo hili ni Mfaransa mmoja, Michel Eugène Chevreul, aliyetoa kitabu chake juu ya mafuta ya wanyama mwaka 1823. Yeye alichunguza sabuni, akaona kwamba magadi makali yanapopikwa pamoja na mafuta, meno ya reki hung'oka kutoka kichwani. Meno hayo yakishikana na magadi huwa sabuni, na gliseroli hubaki peke yake. Hata leo sabuni hutengenezwa hivyo hivyo, na ile ya mafuta ya nazi ina sifa ya kutoa povu hata katika maji ya chumvi ya bahari.

Meno ya reki hayafanani katika mafuta yote. Mengine ni mafupi, mengine ni marefu. Mengine yamenyooka, mengine yamepinda. Karibu nusu ya meno ya mafuta ya nazi ni asidi iitwayo lauriki, yenye punje 12 za kaboni. Hilo ni jino fupi, nalo limenyooka. Meno ya mafuta ya njugu na ya simsim mengi ni marefu, yana punje 18, lakini yamepinda.

Hapo ndipo tunapopata sababu ya jambo ambalo kila mmoja ameliona. Wakati wa kusi, katika miezi ya Julai na Agosti, ukiamka alfajiri huyakuta mafuta ya nazi yameganda meupe katika chupa, na jua likipanda yanayeyuka tena. Wako wadhanio kwamba aliyewauzia amechanganya kitu. Sivyo. Fikiri juu ya fito za kujengea nyumba: zilizonyooka hufungika bunda moja zikashikamana, bali zilizopinda huacha nafasi katikati. Meno ya mafuta ya nazi, kwa kuwa yamenyooka, hupangana na kuganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Shahamu ya ng'ombe ina meno mengi marefu yaliyonyooka, ndiyo sababu huganda hata mchana. Mafuta ya simsim, yenye meno yaliyopinda, hayagandi kwa baridi ya pwani yetu.

Mnazi huweka akiba ya mtoto wake

Mnazi haukuweka mafuta katika nazi kwa ajili ya biashara yetu. Umeyaweka kwa ajili ya mche wake.

Mkulima anajua hatua zote: kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Katika dafu mna maji matamu na nyama laini kama ute, na mafuta ni kidogo sana. Mafuta huingia kwa wingi pale dafu linapokuwa koroma na koroma linapokuwa nazi, na kazi hiyo yote huchukua kama miezi 12 tangu ua kushika. Basi anayeangua koroma kwa haraka ya fedha huuza nyama ambayo bado haijajazwa. Mbata yake hujikunja, huwa laini kama ngozi, wala haitoi mafuta ya kutosha.

Nazi iliyokomaa ikiachwa mahali penye unyevu, huchipua. Ukiivunja utakuta ndani yake joya, ile nyama laini kama sifongo ambayo watoto huipenda kwa utamu. Joya ndilo mdomo wa mche. Hutoa vimeng'enya vinavyong'oa meno ya mafuta, nayo mafuta hugeuzwa sukari na kupelekwa kwenye jani na mzizi. Kwa muda wa miezi mingi mche mchanga hula akiba hii kabla mizizi yake haijaweza kuulisha peke yake. Kwa hiyo mbegu ya nazi ichaguliwe iliyokomaa sawasawa na yenye uzito, kwani mtoto aliyeachiwa akiba ndogo huanza maisha kwa udhaifu.

Kwa nini akiba iwe mafuta, isiwe wanga kama ya muhogo au mahindi? Sababu ni nguvu. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, na gramu moja ya wanga hutoa 4 tu. Tena mafuta huwekwa bila maji, kwa hiyo mzigo huwa mwepesi. Wanyama nao hufanya hivyo: kondoo wetu wenye mikia minono huweka mafuta mkiani wakati wa majani mengi, wakayala wakati wa kiangazi.

Kazi nyingine za mafuta mwilini

Akiba ya nguvu si kazi pekee. Ziko nyingine ambazo bila hizo hakuna kiumbe hai.

Kwanza, mafuta hujenga ukuta wa kila seli. Mwili wa mtu, wa ng'ombe na wa mnazi umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli, na ukuta wa kila chumba umefanywa kwa fosfolipidi. Hii ni reki yenye meno mawili. Mahali pa jino la tatu pana kipande cha fosfeti kinachopenda maji. Meno hukimbia maji, na fosfeti huyafuata. Kwa hiyo fosfolipidi hujipanga safu mbili, kama watu waliosimama migongo ikielekeana: nyuso zao zatazama maji ya nje na ya ndani, na migongo yao imefichwa katikati. Fosfeti hii hutokana na ile ile unayoitia shambani kwa mbolea, na mmea usioipata hudumaa.

Pili, mafuta hukinga. Jani la mgomba limepakwa nta, ndiyo maana matone ya mvua huteleza juu yake, na maji ya ndani hayapotei upesi kwa jua. Bata hujipaka mafuta manyoyani kwa mdomo wake, akaogelea asilowe. Nyuki hutoa nta tumboni mwake akajenga masega.

Tatu, kolesteroli, ambayo watu huiogopa kwa jina tu, ina kazi yake. Imo katika kuta za seli za mtu na mnyama, na kutokana nayo mwili hutengeneza homoni za uzazi. Kitu cha jamii yake kilichomo katika ngozi, kikipigwa na jua, hugeuka kuwa vitamini D inayoimarisha mifupa ya watoto.

Nne, mafuta hubeba vitamini. Vitamini A, D, E na K haziyeyuki katika maji bali katika mafuta, na chakula kisicho na mafuta kabisa hupitisha nyingi za hizo bila mwili kuzichukua.

Maadui wa mafuta

Sasa turudi kwenye gunia lililokatwa bei.

Adui wa kwanza ni maji. Nyama ya nazi iliyovunjwa sasa hivi ina maji karibu nusu ya uzito wake. Penye maji, vimeng'enya na ukungu hung'oa meno ya reki, kama joya lifanyavyo, ila hapa hakuna mche wa kulishwa. Meno yaliyong'oka huyafanya mafuta yachache. Na kwa kuwa jino la nazi ni lauriki, ile ile itumikayo kwa sabuni, mafuta hayo huwa na ladha ya sabuni mdomoni. Mwenye kinu akiyapima huona asidi zimezidi, na kuyasafisha humgharimu. Ndipo anapompunguzia bei mkulima.

Adui wa pili ni hewa pamoja na mwanga na joto. Oksijeni hupenda kushika jino pale lilipopinda na kulivunja, ndiyo maana njugu zilizomenywa na kuachwa wazi hunuka upesi. Nazi, yenye meno yaliyonyooka, huvumilia hewa zaidi. Basi mbata iliyokauka vizuri haifi upesi. Iliyo mbichi hufa kwa siku chache.

Adui wa tatu ndiye mwovu kuliko wote. Ukungu wa rangi ya manjano na kijani, uotao juu ya mbata, njugu na mahindi yenye unyevu, waweza kuacha sumu iitwayo aflatoksini, yaani sumukuvu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa. Mbata yenye ukungu ikikamuliwa, sehemu kubwa ya sumu hubaki katika mashudu. Ng'ombe akilishwa mashudu hayo, sumu hupita katika maziwa, na mnywaji wa maziwa ni mtoto. Kwa hiyo mbata iliyooza isidhaniwe kwamba yafaa kwa mifugo.

Hesabu ya mizani

Wako wanaosema kwamba mbata yenye unyevu kidogo ina faida kwa sababu ni nzito. Na tupige hesabu.

Chukua kilo 100 za nyama ya nazi mbichi. Nusu ni maji, zimebaki kilo 50 za kitu kikavu, na ndani yake mna mafuta kama kilo 34. Ukikausha hadi maji yabaki sehemu 6 katika 100, ambacho ndicho kipimo kitakiwacho, utapata mbata kama kilo 53. Ukiuza ingali na maji sehemu 12 katika 100, mizani itasoma kama kilo 57. Umeongeza karibu kilo 4 za maji matupu, na mafuta ni yale yale kilo 34. Mnunuzi anajua hesabu hii. Atakata bei ya gunia zima, na kama limekaa ghalani wiki mbili likaota ukungu, hatalichukua.

Namna ya kukausha

Angua nazi zilizokomaa, na zile zilizoanza kuchipua uzitenge. Zifue, kisha vunja zile tu utakazoweza kuanika siku hiyo hiyo, tena asubuhi, si jioni. Siku ya kwanza ndiyo ya hatari, kwani nyama ingali na maji mengi, nayo ikilala bila kupata jua hufanya ute na kunuka.

Panga vipande juu ya chanja, si juu ya mchanga wala kando ya barabara penye vumbi na moshi wa magari. Nyama itazame juu. Baada ya siku mbili hivi itajitenga na kifuu. Itoe, uendelee kuianika. Kila jioni, na kila dalili ya mvua, iingize ndani au uifunike, maana umande wa usiku hurudisha kazi ya mchana. Kwa jua zuri la kaskazi, siku tano hadi saba zatosha.

Wakati wa masika jua halitegemeki. Hapo ni heri kutumia chanja juu ya moto wa vifuu, ambavyo hutoa moshi mchache kuliko kuni mbichi au makumbi. Moto uwe wa wastani na wa kudumu, kwani moto mkali huunguza nje na kuacha maji ndani. Kazi hii ni rahisi zaidi kwa majirani wanne au watano wanaojenga banda moja, kila mmoja akaleta nazi kwa zamu yake.

Kujua kwamba imekauka ni hivi: chukua kipande ukivunje. Kikipinda bado, kikikatika kwa mlio ni tayari. Mwenye mizani ndogo na apime vipande kadhaa vile vile leo na kesho. Uzito ukiwa haupungui tena, maji yamekwisha kutoka. Kisha weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, wala usiyaweke karibu na mafuta ya taa, mbolea au samaki, kwani mafuta hunywa harufu ya jirani yake.

Akina mama wanaopika mafuta nyumbani wafuate sheria hiyo hiyo. Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyozungushiwa protini na fosfolipidi, ndiyo maana hukaa pamoja na maji. Moto huvunja maganda hayo, maji yakatoka kwa mvuke, mafuta yakabaki. Epueni pale tu mlio wa maji unapokoma, chujeni, na kutia katika chupa kavu yenye kifuniko, mahali pa giza. Tone la maji likibaki chini ya chupa, mafuta yatachacha kutoka chini.

Mafuta mezani

Mwisho, tusiuze yote tukasahau watoto. Katika maziwa ya mama, karibu nusu ya nguvu yote hutoka katika mafuta. Mtoto akianza kula chakula baada ya miezi sita, akapewa uji mwepesi wa muhogo au mahindi usio na mafuta, tumbo lake dogo hujaa kabla nguvu haijatosha. Kijiko cha tui au cha mafuta katika uji huo humsaidia sana.

Wazee wetu waliopika mchicha, kisamvu na mchunga kwa nazi walifanya jambo la maana, kwani mboga hizo zina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, nacho huhitaji mafuta ili kichukuliwe. Lakini mafuta ya nazi peke yake hayana vitamini hiyo, kwa hiyo tui lisiwe badala ya mboga.

Tena mafuta ya nazi yana upungufu wa yale meno yaliyopinda ambayo mwili hauwezi kuyatengeneza wenyewe. Hayo hupatikana katika simsim, njugu na samaki. Na kwa watu wazima, mafuta yenye meno yaliyonyooka yakizidi huongeza kolesteroli mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani hushauri yasizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku. Basi nazi iwemo, na samaki awemo, na njugu ziwemo, kila kimoja kwa kiasi.

Ndugu wakulima, mnazi hujaza kila nazi mafuta kwa mwaka mzima. Sisi tunaweza kuyapoteza kwa wiki moja ya uvivu, au kuyafikisha mizani yakiwa salama. Kabla hujashona gunia lako linalofuata, vunja vipande vichache, kimoja cha juu, kimoja cha katikati na kimoja cha chini. Kimojawapo kikipinda, rudisha mbata juani. Atakaye kuonyeshwa namna ya kujenga chanja na amwendee Bwana Shamba wa eneo lake, tena aende pamoja na majirani.